Redmine, ajenti wa akili unde, na faili la kurasa mbili: uzoefu wangu

Ofisi yetu iko Industrial Area, Nairobi, na kazi yetu ni visima: kuchimba, kufunga pampu na kuweka matangi, kuanzia Ruai hadi Kitengela. Kila kisima ni mradi wenye kazi kumi na kitu ndani yake, na zote tunazifuatilia kwa Redmine, programu huria isiyolipiwa, iliyoanza mwaka 2006. Tumeiweka kwenye seva yetu wenyewe. Kwa matumizi ya watu sina la kuilalamikia. Historia ya kila badiliko inabaki, na hata intaneti ikisuasua kurasa zake zinafunguka.

Ninayotaka kuyasimulia yalianza tulipomwingiza ajenti wa akili unde aishughulikie kwa niaba yetu. Ajenti wa aina hii ni programu: unampa ufunguo wa API, yaani njia ambayo programu moja hutumia kuzungumza na nyingine, naye anafungua kazi mpya, anabadilisha hali zake na kuandika maelezo. Nyaraka za Redmine ziko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo niliamini atafika akiwa anaijua. Redmine aliijua. Ya kwetu hakuijua.

Wiki ya kwanza nilimwomba hesabu ya kazi zote za miezi mitatu. Akaniletea 25, na tulikuwa na zaidi ya mia mbili. API ya Redmine ukiiomba orodha bila kufafanua, inakupa kazi 25 kwa mkupuo, na ukiomba nyingi zaidi mwisho ni 100. Zilizofungwa haizitoi mpaka uongeze status_id=* (yaani hali yoyote) kwenye ombi. Hayo yote yameandikwa na wenyewe, lakini orodha ilikuja safi, na ajenti hakuona cha kutilia shaka.

La pili lilituuma zaidi. Kisima kimoja cha Ruai kilikuwa kimekabidhiwa na mteja amemaliza kulipa. Ajenti akatuma badiliko la hali kuwa "Imefungwa", seva haikurudisha kosa lolote, naye akaniandikia kwamba amefunga. Kumbe katika mpangilio wetu kazi hairuki kutoka "Inaendelea" hadi "Imefungwa". Lazima ipite "Imekaguliwa", na anayeipitisha hapo ni fundi mkuu peke yake. Redmine ikipokea badiliko ambalo mwenye ufunguo hana ruhusa nalo, inaiacha hali ilivyokuwa, kimya. Siku tatu baadaye fundi mkuu akanipigia.

"Madam, mbona bado naonyeshwa nirudi Ruai? Si kile kisima tulikabidhi?"

Alikuwa ameshafika Njiru na gari la vifaa. Nilimwomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa la sisi tuliomkabidhi mgeni kazi bila kumwambia taratibu za nyumba.

Ndipo nikaketi kuandika AGENTS.md, faili la maelekezo ambalo programu nyingi za ajenti hulisoma zenyewe zinapoanza kazi. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tisa. Nilieleza Redmine ni nini, kampuni ilianzaje, kwa nini tunaipenda programu hii. Ajenti aliisoma yote akakosea palepale, maana alichokihitaji kilikuwa kimezama katikati. Nikaikata mpaka zikabaki kurasa mbili.

Sehemu kubwa ya kurasa hizo ni hali za kazi: namba ya kila hali, maana yake, na nani anaruhusiwa kuifikisha kazi hapo. "Imekaguliwa" kwetu maana yake jaribio la pampu la saa 24 limefanyika na matokeo yameambatishwa. Kuandika sentensi hiyo kulinionyesha tulivyokuwa tumezembea. Tulikuwa na hali moja, "Inasubiri", iliyobeba mambo mawili: kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, na malipo ya mteja. Sisi tulitofautisha kwa mazoea. Ajenti aliandaa barua za kudai pesa kwa wateja ambao sisi ndio tulikuwa tunawacheleweshea kibali! Hakuna maelezo ambayo yangeponya hilo. Tuliigawa hali yenyewe ikawa mbili.

Kuna pia suala la saa. Fundi akiandika "tukutane saa mbili", Nairobi nzima inajua ni asubuhi. Ajenti aliweka 02:00. Sasa faili linamwambia aongeze sita, saa mbili asubuhi iwe 08:00, na akikosa kujua kama ni asubuhi au usiku aulize. Tarehe nazo zinaanza na mwaka, 2025-05-03, kwa sababu 3/5 aliwahi kuisoma kama Machi 5.

Agizo lililotupa nafuu kubwa ni hili: "Ukishabadilisha kazi yoyote, iite tena usome hali yake. Usiseme imekamilika kabla hujaiona." Chini yake niliweka mfano mmoja kamili, ombi na jibu lake, pamoja na kisa cha Ruai ili ajue sababu. Tangu nilipoanza kuandika sababu, anachukua tahadhari hata mahali ambapo sikumwekea sheria.

Kwa kampuni ndogo kama yetu naipendekeza Redmine bila kusita, na ajenti pia, ila mwongozo auandike mtu anayeijua kazi yenyewe. Kijana wetu wa kompyuta anaijua API kunishinda mbali, lakini hajawahi kusimama kando ya kisima akisubiri maji yatulie. Ajenti mfungulie akaunti yake mwenyewe, asome kila kitu na kuandika maelezo, ruhusa ya kufuta usimpe.

Wiki iliyopita alisimama kwenye kazi moja ya Kitengela akaniuliza: hali inasema "Imekaguliwa", lakini matokeo ya jaribio la pampu siyaoni, niendelee? Nikafungua kuangalia. Kweli hayakuwepo. Nikampigia fundi mkuu.