Gemu za kucheza na watoto: uzoefu wangu na Mario Wonder, It Takes Two na zingine

Naandika kwa mzazi anayetafuta gemu ya kucheza PAMOJA na mtoto, yaani mmekaa wote mbele ya skrini moja kila mtu na padi yake, sio ile ya kumwachia mtoto ili wewe upate nafasi ya kushika simu. Mimi nacheza na wanangu, mkubwa ana miaka 10 na mdogo wake binti ana 6, na kabla sijanunua gemu yoyote naangalia kitu kimoja kwanza, mdogo akikosea inakuwaje? Kama akidondoka yeye tunarudi wote mwanzo wa leveli basi hiyo gemu hapa haikai, maana kaka mtu ataanza kumlaumu na binti ataweka padi chini aende zake, na hapo raha yote imeisha.

Ndo maana Super Mario Bros. Wonder (ya Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, ilitoka 2023) naiweka juu ya zote. Waliotengeneza hii wamekaa wakafikiria familia kabisa. Kuna wahusika kama Yoshi na Nabbit ambao hawadhuriki wakigongwa na maadui, kwahiyo binti yangu anachukua Yoshi na anapita katikati ya vurugu zote bila wasiwasi, huku kaka yake na Mario anacheza gemu ngumu kamili kama anavyotaka, na wote wako kwenye leveli ileile. Ila Yoshi akitumbukia shimoni au kwenye lava anakufa kama wengine, na mi naona hiyo ni nzuri sana maana bado ana kitu cha kuogopa, bado anaruka kwa makini, haoni kama amepewa ya kitoto. Alafu mtu akifa anageuka kivuli kinachoelea na ana sekunde chache za kumfuata mwenzake amguse arudi, sasa hapo utasikia "nisubiri nisubiri nakuja!" na kaka mtu anasimama anamsubiri kweli. Na kwenye sehemu ngumu mwenzako anaweza kumpanda Yoshi mgongoni, kwahiyo mdogo ndo anambeba mkubwa, mtoto wa miaka 6 akimvusha kaka yake bondeni furaha yake huwezi kuielezea.

Kingine ambacho watu hawakisemi, kwenye gemu za Mario za zamani za kucheza wengi mlikua mnagongana na kusukumana shimoni, ugomvi ulikua hauishi. Kwenye Wonder mnapitana tu. Shida niliyoiona ni kamera, inamfuata mmoja tu yule mwenye taji, kwahiyo mwenye kasi akikimbia mbele mwingine anaachwa nje ya skrini. Tumekubaliana mwenye taji ndo anamsubiri mwenzake, imesaidia.

It Takes Two ya 2021 wengi wataitaja, na ni kweli ni gemu nzuri mno, ilishinda gemu ya mwaka kwenye The Game Awards na ilistahili. Huwezi kabisa kuicheza peke yako, lazima muwe wawili, skrini inagawanyika na kila mtu anapewa kifaa chake, mmoja anarusha misumari mwingine ana nyundo, bila wote wawili hamvuki. Nimeicheza na mkubwa tu. Mzazi ujue kabla hujaiwasha, hadithi yenyewe ni ya baba na mama wanaotaka kuachana, na mwanzoni kabisa wanamwambia mtoto wao. Kama nyumbani mnapitia hayo, au mtoto bado mdogo, fikiria mara mbili. Alafu kuna sehemu ya mwanasesere wa tembo ambayo wazazi wanamfanyia ukatili ili mtoto wao alie, mwanangu alinyamaza kimya, ikabidi tusimamishe tuongee. Kwa mtoto wa miaka 12 kwenda juu naipendekeza bila shaka, tena mkiwa mbali mmoja akinunua mwingine anajiunga bure mtandaoni.

Overcooked ndo ile ya jikoni, mnakata, mnapika, mnaosha vyombo, na saa inakimbia. Kama mtoto wako anapenda kupangiwa kazi atafurahi sana, ila presha ya muda inafanya watu wapandishe sauti bila kujua na kwa mdogo sio poa. Tafuta toleo lake la All You Can Eat la 2020, nenda kwenye setingi uwashe msaada, inaongeza muda na oda hazipotei haraka, na leveli ikiwashinda mnaruka. Sisi tunaicheza hivyo tu, na mdogo kazi yake ni vyombo, anaipenda hatari!

Za Lego sitaongea sana, tangu Lego Star Wars ya 2005 utaratibu ni ule ule, unabonyeza kitufe unaingia, unabonyeza unatoka, ukifa unapoteza vipande vya pesa unaendelea. Kwa mtoto anayechoka haraka akaondoka akarudi, hakuna inayoifikia.

Na kama wako ni mdogo zaidi, miaka 4 au 5 hivi, ambaye bado kuruka kunamshinda, jaribuni Super Mario Odyssey ya 2017 kwa wachezaji wawili. Wewe unamwendesha Mario na yeye anakua kofia, inaruka hewani inapiga maadui inakusanya sarafu, na kofia haifi. Joy-Con mbili, zile padi ndogo zinazokuja na Switch, zinatosha, hununui padi ingine. Washa na ile hali ya msaada, Mario anapata uhai zaidi na akidondoka anarudishwa kwenye povu, ili na wewe usife kila saa huku mtoto anasubiri.

Mwenye mtoto wa miaka 3 anayecheza na mzazi wake aniambie wanacheza gani, wa dada yangu anakaribia umri huo na nataka nimwandalie mapema.