TAHADHARI: Kijana anayeuza programu ya "kuamsha kore" za simu, Mtwara na Masasi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, someni hili kabla hamjampa mtu simu zenu. Kuna kijana anazunguka maeneo ya stendi akidai simu yenye kore nane (vitengo vya prosesa vinavyofanya kazi za simu) inatumia mbili tu, sita zimelala, na kwa shilingi 10,000 atakuwekea programu ya kuziamsha. Mama yangu mdogo, ametoka tu kulipwa pesa za korosho, akampa.

Jioni nikaishika ile simu. Programu yenyewe ni duara linalohesabu 2, 4, 6, 8, kisha inatokea tiki ya kijani: "Tayari". Hakuna kingine. Lakini kwenye ruhusa nikakuta imeruhusiwa kusoma SMS, na kule kwenye mipangilio ya Ufikivu (Accessibility) imewashwa. Mwili ulinisisimka. SMS ndiko zinakoingia namba za uthibitisho, na Ufikivu unaiwezesha programu kusoma kilicho kwenye skrini, hata kubonyeza badala yako. Ya kuongeza kasi inataka SMS zako za nini?

Kore kulala si ubovu jamani. Simu nyingi zina kore ndogo za kazi nyepesi na kubwa za kazi nzito, mpangilio ambao ARM, kampuni inayobuni prosesa za simu, waliutangaza mwaka 2011. Anayezigawia kazi ni mfumo wa simu wenyewe. Ukisoma ujumbe, kubwa zinapumzika ili betri idumu na simu isichemke. Ukiwasha kamera zinaamka bila kuambiwa. Na zikiamka zote, kasi haiwi mara nane. Weka wabanguaji wanane wa korosho na mzani mmoja: foleni itakuwa mzanini. Programu inaweza kupakua picha kwenye kore hii na kufungua video kwenye ile, ila kuchora skrini na kupokea mguso wa kidole hupita njia moja kuu. Hiyo ikiziba, simu inaganda tu.

Kama ulishawekewa, zima data, zima Ufikivu wake, ifute. Hamishia laini kwenye simu nyingine ndipo ubadili namba ya siri. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mama mdogo tumemuwahi, na polisi tumeripoti. Juzi kijana huyo kaonekana Masasi, na malipo ya korosho huko yanatoka wiki hii.