Kadi za msamiati wa hisabati: wiki sita na watoto wa Gredi ya 4, Kisumu

Boksi hili nilinunua Jumapili moja kwenye kibanda cha vifaa vya shule karibu na soko la Kibuye, shilingi 380. Lina kadi 64, upande mmoja neno, upande wa pili mchoro. Nafundisha Gredi ya 4, na kila Jumamosi asubuhi huketi na watoto kumi na wawili kwenye baraza ya kanisa, Nyalenda, tukidurusu hisabati. Hesabu zenyewe wanaziweza. Wanakwama kwenye maneno.

Kadi za akisami, yaani sehemu za kitu kizima, zimenilipa pesa yangu yote. Nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri: zote tisa zimo, kila moja na chapati iliyokatwa vipande sawa, kipande kimoja kikiwa kimepakwa rangi. Robo haikutuchukua muda, kwani mtoto anayetumwa dukani robo ya sukari huijua kabla hajaanza shule. Thumuni ndiyo iliyozua mjadala. Msichana mmoja aliinua kadi juu akasema, "Mwalimu, hii si sawa. Nyanya yangu anasema sumuni ni senti hamsini, na senti hamsini ni nusu ya shilingi."

Nilifurahi sana kumsikia. Nilimwambia nyanya yake hajakosea, senti hamsini huitwa hivyo, lakini neno lenyewe lilitoka kwa Waarabu likiwa na maana ya sehemu moja kwa nane. Jumamosi iliyofuata nilibeba chapati. Tukaikata nusu, kila nusu tukaikata tena, kisha tena, wakahesabu wenyewe mpaka nane. Ushuri nao niliufunga na ushuru ambao mama zao hutozwa sokoni. Ushuru wa soko si sehemu ya kumi ya mauzo, ila maneno hayo mawili ni ndugu, shina lao ni kumi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeusahau.

Maumbo yako sawa, isipokuwa mcheduara (umbo la mkebe), ambao umechorwa kama duara bapa. Niliwaletea gorogoro, mkebe wa kupimia mahindi, wakalizungusha mikononi, kadi tukaiweka kando.

Kasoro kubwa iko kwenye vitenzi. Kadi ya "zidisha" ina alama ya × na sahani nne zenye mandazi matatu kila moja. Inaeleweka. Siku hiyohiyo nikaandika ubaoni: Akinyi ana maembe 8. Amemzidi Otieno kwa maembe 3. Otieno ana maembe mangapi? Watoto saba waliandika 24. Waliona "zidi", wakazidisha. Kadi iliwafunza kukimbilia alama kabla ya kusoma sentensi, na hilo linaniuma, maana mtoto hukosa alama kwenye mtihani ilhali hesabu anaijua. Ilibidi nipange visoda sakafuni mistari miwili, wa Akinyi nane, wa Otieno chini yake. Mmoja wao akaweka kidole kwenye visoda vitatu vilivyobaki bila wenzao: "Hivi ndivyo amemzidi." Wengine wakaona papo hapo kwamba Otieno ana vitano.

"Toa" ni vivyo hivyo. Mama akitoa maembe manne kumpa jirani, yanapungua. Mwembe ukitoa maembe arobaini, umezaa. Kadi inatambua kutoa kwa kupunguza tu. Kwa hiyo nimekata katoni la sabuni nikaandika kadi zangu: zidi, zidiwa, salia, pungukiwa, na "toa" mbili, kila moja na sentensi nzima badala ya alama. Sasa hizo ndizo zinazogombaniwa.

Karatasi ni ngumu, lakini plastiki ya juu imeanza kubanduka kwenye ncha, na kadi mbili zangu hazikuchapishwa kitu upande wa nyuma. Fungua boksi uzihesabu na kuzigeuza kabla ya kulipa.

Kwa akisami, maumbo, shufwa na witiri (namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika), linunue bila wasiwasi, hata kwa Gredi ya 3. Aliyezitengeneza akichapisha tena, namwomba auchore mcheduara upya na aongeze kadi ya "zidi". Boksi la pili nimeshamnunulia mwalimu mwenzangu wa Ahero, pamoja na vipande vyangu vya katoni.