Mashine ya kuoshea vyombo ya kuzungusha kwa mkono: nyota moja, na hiyo ni ya vikombe

Nianze na tundu. Chini kabisa ya pipa la mashine hii, pale maji yanapotuama, kuna tundu. Si la kutu wala si la kugongwa. Limetobolewa kiwandani makusudi, ili shafti ipite ikazungushe pangaboi la ndani. Yaani kuna mtu aliketi, akachora, akapima, akaona ni sawa kabisa chombo cha maji ya moto kitobolewe kitakoni. Halafu miaka mingi baadaye akatokea mfanyabiashara akaniapia kwamba hakivuji hata tone. Mguu wangu wa kushoto unaweza kutoa ushahidi.

Umbo lake sitalieleza sana. Ni pipa la bati lenye miguu, mfuniko juu, chanja za waya ndani, hendeli ubavuni. Ukizungusha hendeli, gia mbili zilizo chini ya pipa zinageuza mzunguko, shafti inasimama wima, pangaboi linachota maji na kuyarusha juu kwenye vyombo. Umeme hakuna. Bomba la kuleta maji hakuna. Maji unayachemsha mwenyewe jikoni, unayabeba, unayamimina. Lebo yake imefutika, kwa hiyo umri wake ni wa kukisia tu, ila bibi yangu angeikuta duniani.

Naishi Illinois, Marekani, nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mashine yoyote ya kuungwa kwenye mabomba yake. Kwangu wageni hawakatiki. Kwa hiyo nilipoiona hii kwenye duka la vitu vya kale, mji mmoja mdogo mbali na Chicago, moyo ulinidunda. Muuzaji akanisogelea na maneno yake matamu. Akasema hii si mashine ya hivi hivi, hii ni kazi ya Josephine Cochrane mwenyewe, yule mbunifu wa mashine za kuoshea vyombo, mama wa Shelbyville, hapa hapa Illinois. Jina hilo huku linauza. Nikatoa pesa, na sikuomba sana apunguze, jambo ambalo wifi yangu analikumbusha hadi leo.

Siku ya kuijaribu tulikuwa tumelisha watu pilau. Mnajua sahani ya pilau ikishalala kidogo: mafuta yameganda, punje zimeng'ang'ania pembeni. Tukapanga sahani kwenye chanja, vikombe juu, nikamimina maji ya moto, nikatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kama muuzaji alivyonielekeza. Nilimuuliza kabisa, sabuni gani? Akajibu, yoyote. Nikafunika, nikaanza kuzungusha.

Mwanzoni nilicheka kwa furaha. Unasikia maji yanavyopiga mfuniko, hendeli nyepesi, gia zinalia taratibu. Nikasema hapa nimepata. Mara nikahisi moto kwenye vidole vya mguu. Nikatazama chini: maji yanashuka na shafti, yanapita kwenye gia, yanachukua na grisi nyeusi ya enzi hizo, yanamwagika kwangu. Nikiongeza kasi yanaongezeka. Nikipunguza, vyombo havioshwi. Na juu nako povu limeanza kutoka kwenye ukingo wa mfuniko, linatambaa kwenye kaunta, linashuka kwenye droo za vijiko.

"Wifi, izime!" wifi yangu akapiga kelele.

"Nizime nini, wifi? Mota yenyewe ni mimi!"

Ikabidi mmoja azungushe na mwingine afute sakafu. Nilifua maji jikoni kwangu kama niko kwenye dau bovu. Tulipofunua, sahani za katikati zilikuwa safi, za pembeni zina punje zake vile vile, kila mahali pamebaki utando wa povu, na maji yaliyobaki ndani ni robo. Tukaziosha upya kwenye sinki. Kwa dodoki.

Nilimfuata muuzaji dukani. Sikwenda kwa shari, nilikwenda kwa hoja. Nikamwambia inavuja. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza, kwa sauti ile ya kumwelekeza mtoto: "Mama, huko kwenu hizi mashine mnazo, au ndiyo mara ya kwanza kuigusa?"

Nilikaa kimya kidogo. Huko kwetu. Nimezaliwa Tanga, nimeosha vyombo vya shughuli za watu mia tangu sijavunja ungo, sufuria ninazoweza kuingia mzima, halafu huyu ananiuliza kama nimewahi kuona kinachoosha sahani. Hapo ndipo hoja zikaisha na shari ikaanza.

Nikamwambia, mzee, twende polepole. Umeniuzia mashine ya Cochrane. Haya, nionyeshe pampu. Maana mashine ya Cochrane, ile aliyoipatia hataza, yaani haki rasmi ya mbunifu, mwaka 1886, kinachoosha ni msukumo wa maji. Yule mama alipima sahani zake, visahani na vikombe, akatengeneza vyumba vya waya vya kukitosha kila kimoja, akavipanga kuzunguka gurudumu lililolazwa ndani ya boila la shaba. Gurudumu linazunguka, na maji ya moto yenye sabuni yanarushwa kwa nguvu juu ya vyombo. Fundi aliyemsaidia kuiunda, George Butters, alikuwa mtu wa reli. Wewe hapa una pangaboi na bati. Shaba iko wapi? Pampu iko wapi? Gurudumu liko wapi?

Akasema kikishauzwa pesa hairudi. Akageuka kupanga vijiko vyake.

Basi nikarudi na mzigo wangu, na hasira ikanifanya nisome. Nilitaka kumjua aliyetoboa lile tundu. Sikumpata, lakini niliowapata walinipunguzia matusi kidogo. Joel Houghton wa New York mwaka 1850 alipata hataza ya mashine ya mbao: unazungusha gurudumu kwa mkono, maji yanarukia vyombo, basi. Kuosha kwenyewe kulikuwa kwa shida. Mwaka 1865 L. A. Alexander akaja na gia, na chanja yenyewe ndiyo inayozungushwa ndani ya maji. Nayo haikuweza sana. Ukiwaangalia hawa, unaona wote walikuwa wanapigana na swali moja: nguvu ya mkono uliyo nje itafikaje kwenye maji yaliyo ndani bila maji nayo kutoka nje?

Hapo nikaanza kuligeuza lile tundu kichwani. Shafti ukiipitisha juu, kwenye mfuniko, haivuji. Sawa. Lakini itapita katikati ya chanja, pale pale sahani zinapotaka kukaa, na kila ukitaka kuweka au kutoa kikombe lazima ung'oe hendeli, ung'oe shafti, uinue mfuniko. Ukiitoa ubavuni, bado uko chini ya maji. Ukiitoa chini, ndani panabaki wazi, unapanga vyombo vyako kwa raha, mfuniko unafunguka kama wa sufuria. Gharama yake ni tundu moja unaloliziba vizuri. Kwa hiyo yule niliyemtukana alikuwa na akili zake. Inaniuma kusema hivyo.

Na kweli kulikuwa na kizibo. Kuna kaka mmoja Mkongomani tunaswali naye, fundi wa magari, nilimwomba aje aitazame. Akaigeuza kichwa chini kwenye baraza, akafungua nati moja pana iliyozunguka shafti, akachokonoa kwa bisibisi, ikatoka takataka ngumu nyeusi, nyuzi nyuzi, inavunjika kama ukaukau. Akanionyesha kiganjani. "Mama, mashini iko muzuri. Njo kamba tu ilikauka." Kumbe shafti ilizungushiwa kamba iliyolowekwa mafuta, na ile nati kazi yake ni kuibana. Akasokota kamba mpya ya pamba, akaipaka grisi, akakaza kidogo, akazungusha, akakaza tena kidogo. Akasema nisiibane sana, hendeli itakuwa nzito.

Mwenye duka alishindwa nini kufanya hivyo? Au kuniambia tu?

Sasa haivuji. Karibu haivuji. Na sabuni nimebadilisha, natumia ile ya unga ya mashine za umeme, isiyotoa povu, kiasi kidogo sana. Kwa hiyo haki itendeke: vikombe vinatoka vinang'aa. Nina seti ya chai ya marehemu mama, vikombe vyembamba vyenye ukingo wa dhahabu, mpaka leo nilikuwa naogopa kumpa mgeni anisaidie kuviosha, maana kuna watu akili zao ni stili waya tu. Ndani ya hii mashine havigusani, havigongwi, hakuna mkono unaoviparuza. Maji tu. Ukivitoa unaona hadi alama ya kiwanda chini yake. Siku ya kwanza nilipoviona hivyo nilimpigia simu dada yangu.

Halafu nikakumbuka kitu kilichonirudisha kwenye hasira. Inasimuliwa kwamba Cochrane hakuibuni mashine yake kwa kuchoka kuosha. Alikuwa na wafanyakazi wa kumwoshea. Alichoka kuona vyombo vyake vya urithi vinamegwa. Mumewe alipofariki mwaka 1883 na kumwachia madeni ndipo kazi ikawa ya riziki, na hapo nampa heshima zake zote: mwanamke peke yake, katika karne ile, anaingia kuuza mashine kwa mameneja wa hoteli. Hoteli ya Palmer House ya Chicago ilinunua. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 mashine zake ziliosha vyombo vya mikahawa, na zikapata tuzo. Lakini majumbani hazikuingia. Na mtu yeyote aliyezungusha hendeli anaweza kukwambia kwa nini. Ile mashine inamhurumia kikombe. Aliyesimama pembeni hahurumiwi.

Maana hesabuni wenyewe. Uchemshe sufuria kubwa ya maji. Uibebe imejaa, inatoa mvuke, uiinue hadi usawa wa kifua umimine. Ukwangue sahani kwanza, kwa sababu punje zikianguka chini zinakwama kwenye pangaboi. Uzungushe mpaka bega liwake. Ufungue bomba la chini, utoe maji machafu kwa ndoo, mafuta yanateleza juu. Uchemshe mengine ya kusuuza. Uyabebe tena. Uzungushe tena. Uoshe mashine yenyewe, ambayo hakuna aliyebuni mashine ya kuiosha. Nyumba nyingi za enzi hizo hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Mimi ninayo ya bomba na bado hayafiki moto unaotakiwa kuyeyusha samli. Muda huo wifi yangu kwenye sinki ameshamaliza, amejipaka mafuta ya mikono, anakunywa chai.

Na sufuria ya ukoko? Usijaribu. Haiingii, na hata ingeingia, pangaboi lingecheka.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipokaa kuandika nilikuwa na moja tu, tena ya vikombe. Nikifikiria ile kamba na yule fundi alivyoishika ile nati kwa vidole viwili, nasema mbili na nusu. Chanja za waya nazo, anayejua kazi ya mkono akizitazama ataona zilipindwa na mtu mwenye subira: kila sahani ina nafasi ya kuinama kidogo ili maji yatiririke, hakuna ncha hata moja ya kukwaruza. Kwa chanja hizo peke yake naipa tatu. Nikikumbuka "huko kwenu" narudi kwenye moja, ila hiyo si kosa la mashine, basi iwe tatu, na duka libaki na sifuri yake.

Ukitaka kununua ya aina hii kwa watu wa vitu vya kale, igeuze kichwa chini kabla hujatoa pesa, tafuta ile nati, uliza kamba ilibadilishwa lini. Mwagia maji mle mle dukani. Muuzaji akikataa, ondoka. Akikutajia Cochrane, muulize pampu.

Yule mzee alikuwa na nyingine dirishani, ndogo, ya mbao, hendeli yake iko juu kwenye mfuniko. Niliiona nikitoka kwa hasira, na imenikaa kichwani tangu siku hiyo, maana ile ya juu haivuji na kwa vikombe peke yake nafasi inatosha. Mimi dukani kwake sikanyagi tena. Nitamtuma wifi, na yeye ataomba apunguziwe.