Zoom F3 na Utafutaji wa Kinasa Sauti Kisicho na Kelele Zake

Kinasa sauti changu cha kwanza ndicho kilichonifundisha kusikiliza kelele. Nilikuwa nimerekodi saa ya ukutani ndani ya chumba kitupu, saa tisa za usiku, nikiwa mbali nayo kwa mita tatu hivi. Nilipoirudia ile rekodi kwenye hedifoni nikaisikia tiki-tiki ya saa ikielea juu ya mlio mmoja mrefu wa shhh usiokatika. Dada yangu alisikiliza kwa nusu dakika, kisha akaniuliza kama usiku ule mvua ilinyesha. Haikunyesha, mvua ile ilikuwa ndani ya kinasa chenyewe. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa kwa mahojiano ya ana kwa ana, maikrofoni ikiwa karibu na mdomo wa msemaji, hakikuwahi kuniangusha. Ila mtu anayetaka kurekodi minong'ono, manyunyu juu ya majani au ukimya wa chumba anahitaji chombo cha namna nyingine, na mimi nilikitafuta kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia kwenye Zoom F3, kinasa kidogo cha kampuni ya Zoom, ambayo ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Kwanza ieleweke kelele hiyo inatoka wapi. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, na sauti ikiwa hafifu umeme huo hupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Kikuza sauti kilicho ndani ya kinasa huupandisha mara maelfu ili uweze kusikika, na katika kuupandisha hupandisha pia kelele zote zilizomo kwenye saketi. Sehemu ya kelele hizo haina dawa, kwa sababu kila kitu chenye ukinzani wa umeme na chenye joto hutoa kelele. Rezista ya omu 150, ikiwa katika joto la kawaida la chumba, hutoa takriban mikrovolti 0.22 ikipimwa katika upana wa masafa ya kilohezi 20, na hiyo ni sawa na dBu -131 (dBu ni namna ya kuandika volti kwa desibeli). Hiyo ndiyo sakafu, na hakuna kikuza sauti cha kawaida kitakachopita chini yake maikrofoni ikiwa na ukinzani wa kiasi hicho. Swali la mnunuzi basi ni moja tu: kinasa hiki kiko juu ya sakafu kwa desibeli ngapi?

Jibu huandikwa kwenye karatasi ya vipimo kwa herufi EIN, yaani kelele za kinasa zikihesabiwa kana kwamba zimeingia kupitia tundu la maikrofoni. Namba ikizidi kwenda chini, kinasa kinazidi kuwa kimya: dBu -127 ni bora kuliko -120, na -120 ni bora kuliko -110. Watengenezaji wengi wa vinasa vidogo vya mkononi hawaiandiki kabisa takwimu hii, na mimi nimejizoesha kulichukulia kimya hicho kuwa ni jibu. Hata ikiandikwa, kuna mitego. Zoom wanaandika kuwa F3 ina dBu -127 kikuza sauti kikiwa kimepandishwa hadi desibeli 75, na kampuni ya Sound Devices inaandika kuwa kinasa chake, MixPre-3 II, kina dBV -130. Mtu akisoma haraka ataona tofauti ya desibeli tatu na kuwa tayari kulipa mara kadhaa ya bei kwa ajili yake. Lakini dBu huanzia volti 0.775 na dBV huanzia volti 1, kwa hiyo ile -130 ya dBV ni takriban -127.8 tukiigeuza kuwa dBu. Tofauti halisi haifiki desibeli moja, na sikio langu haliwezi kuigundua. Zote mbili, aidha, zimepimwa kwa mizani A, ambayo hupunguza uzito wa masafa ya chini na ya juu sana, na kwa kelele za aina hii huifanya namba ionekane nzuri zaidi kwa desibeli mbili hivi. Si udanganyifu, maana ndiyo desturi ya fani, ila haifai kuilinganisha na namba iliyopimwa bila mizani hiyo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, na mimi nilipotea nao: nilikikazia macho kinasa nikaisahau maikrofoni. Kila maikrofoni ina kelele zake, na ina kiwango chake cha usikivu, yaani volti inazotoa kwa sauti ya nguvu fulani. Tuchukue Shure SM58, maikrofoni ya dainamiki ambayo karibu kila mtu amewahi kuishika, inayotoa kama milivolti 1.85 kwa sauti ya desibeli 94, kiwango cha kawaida cha kupimia maikrofoni. Ukiichomeka kwenye kinasa chenye EIN ya -127, kelele za kinasa zitalingana na sauti ya takriban desibeli 20 iliyomo chumbani. Ukiichomeka kwenye kinasa chenye -105, zitalingana na desibeli 42 hivi, na hapo sauti ya saa ya ukutani imeshazama. Kwa maikrofoni dhaifu namna hiyo kinasa ndicho kila kitu.

Sasa tuchukue vijimaikrofoni vidogo vilivyotengenezwa kwa kapsuli (kile kijisehemu kinachopokea sauti) ya Primo EM272, ambavyo warekodi wa sauti za maumbile wanavipenda sana. Vinatoa kama milivolti 40 kwa sauti ileile ya desibeli 94, na kelele zake vyenyewe ni kama desibeli 14. Nilipopiga hesabu nikaona kelele hizo zinafika kwenye kinasa zikiwa karibu dBu -106. Kinasa chenye EIN ya -115, ambacho mtaalamu angekikunjia uso, kinaziongeza kwa nusu desibeli tu. Yaani mtu mwenye kapsuli hizo anayetoa fedha nyingi kufuata -127 ananunua ukimya ambao maikrofoni yake haiwezi kuutumia. Hali inageuka tena kwa Rode NT1-A, ambayo ina kelele za desibeli 5 tu na usikivu wa milivolti 25: kelele zake hufika karibu dBu -119, na kinasa chenye -120 kingeziongeza kwa zaidi ya desibeli mbili, ilhali chenye -127 kingeongeza kama nusu desibeli tu. Ninayo NT1-A, na hiyo ndiyo sababu halisi ya kuinunua F3. Ningekuwa na kapsuli za EM272 peke yake, fedha zangu zingebaki mfukoni.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni ile biti 32 ya nukta inayoelea, yaani namna ya kuandika sauti kwa tarakimu inayobeba sauti hafifu mno na kubwa mno kwa pamoja, ambayo F3 hurekodi kwayo na haina namna nyingine. Matangazo huifanya ionekane kama dawa ya kelele, na sivyo. Kinachofanyika ni kwamba ndani ya chombo kila tundu la maikrofoni lina vigeuzi viwili vya kuitia sauti katika tarakimu, kimoja cha sauti hafifu na kingine cha sauti kubwa, na chombo huunganisha kazi ya vyote viwili. Faida yake ni kwamba huna haja ya kukisia kiwango cha kukuza kabla ya kurekodi. Mlango ukibamizwa ghafla katikati ya ukimya, faili haikatiki kileleni, na unaishusha sauti ile baadaye kwenye kompyuta. Lakini kelele zilizokwisha kuingia kwenye kikuza sauti hubaki palepale, hata ukiongeza biti hadi 64. F3 ni kimya kwa sababu vikuza sauti vyake ni vizuri. Biti 32 ni starehe iliyokuja pamoja navyo.

Nilipoipata sikutaka kuyaamini maandishi peke yake. Nilichukua plagi ya XLR, ile ya maikrofoni yenye pini tatu, isiyo na kebo, nikalehemu rezista ya omu 150 kati ya pini ya pili na ya tatu, nikaichomeka. Kwa kinasa, rezista hiyo ni kama maikrofoni isiyosikia chochote, hivyo kila kinachorekodiwa ni kelele za kinasa pamoja na zile za rezista zisizoepukika. Nilirekodi dakika moja, nikafanya hivyohivyo kwa kinasa changu cha zamani kwa kutumia plagi ndogo ya milimita 3.5, kisha nikazilinganisha rekodi zote mbili kwa kukuza kiasi kilekile. Cha zamani kilitoa ule mlio wa shhh, na chini yake, jambo ambalo sikuwahi kuligundua, kulikuwa na kilio chembamba cha kupanda na kushuka kila kinasa kilipoandika kwenye kadi ya kumbukumbu. F3 ilitoa shhh laini, ya mbali, isiyobadilika, na hakuna kilio. Kelele isiyobadilika ni jambo la kushukuru, kwa kuwa sikio huizoea na programu za kusafisha sauti huiondoa kwa urahisi. Ile yenye kupanda na kushuka hukufuata hadi mwisho wa rekodi.

Katika matumizi ya kila siku ni kijisanduku kinachoenea kwenye kiganja, kisichofika robo kilo, chenye matundu mawili ya XLR yanayoibana kebo isichomoke, skrini ndogo inayoonyesha mawimbi, na mahali pa betri mbili za AA. Hakuna kitufe cha kuongeza ukuzaji. Kuna cha kuyakuza mawimbi ili uone unachorekodi. Mwanzoni nilihangaika, mkono wangu ukitafuta kidude cha kuzungusha ambacho hakipo, lakini baada ya wiki moja sikukikumbuka tena.

Kasoro zipo. F3 haina maikrofoni yake ya ndani hata moja, kwa hiyo ukisahau kebo nyumbani umebeba jiwe. Maikrofoni za kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kinasa, na umeme huo huzimaliza betri za AA haraka kiasi cha kukera. Kwa kazi ndefu mimi huunganisha pawabenki kwenye tundu la USB-C. Faili zake ni nzito: saa moja ya stereo kwa kilohezi 48 huchukua karibu gigabaiti 1.4, wakati biti 24 zingechukua kama gigabaiti moja. Kisha vitufe vyake hutoa sauti ya tak vinapobonyezwa, na maikrofoni ikiwa kwenye kinara kimoja na kinasa, tak hiyo itarekodiwa. Kuna adapta ndogo ya Bluetooth inayouzwa peke yake, ambayo hukuwezesha kukiendesha kinasa kwa simu, lakini dawa rahisi zaidi ni kebo ndefu, na kuanza kurekodi mapema kisha kuacha kukigusa. Simu nayo iwekwe mbali au izimwe, kwa maana simu iliyo karibu na kebo inaweza kuingiza mlio wa tititi ambao hata kikuza sauti kizuri huenda kisiukinge.

Anayetaka chombo kimoja chenye kila kitu ndani, cha kutoa mfukoni na kurekodi papo hapo, F3 haimfai. Kwa mtu wa namna hiyo jina linalotajwa bado ni Sony PCM-D100 iliyotoka mwaka 2013, ambayo ina maikrofoni za ndani zenye sifa ya ukimya. Imekwisha kuacha kutengenezwa, hivyo huna budi kuitafuta iliyokwisha kutumika, na haina matundu ya XLR. Anayehitaji kuchanganya maikrofoni tatu huku anarekodi atafute MixPre-3 II, akijua kwamba analipia idadi ya matundu na uimara wa chombo, si ukimya zaidi. Na mwenye kurekodi mahojiano na mihadhara tu, chumba chenyewe kitakuwa na kelele kuliko kinasa chochote atakachokinunua, kwa hiyo ahangaikie mahali pa kuweka maikrofoni.

Nilirudi kwenye kile chumba na saa ileile ya ukutani, saa tisa za usiku kama mara ya kwanza, NT1-A ikiwa mita tatu kutoka ukutani na mimi nimeketi sakafuni nyuma yake. Asubuhi nilimpa dada yangu hedifoni bila kumwambia lolote. Safari hii hakuuliza habari za mvua. Alisikiliza, akakunja uso, akauliza ni nani aliyekuwa akipumua.