Vali ya VVT-i au gia yake: kipi ubadilishe mwenyewe nyumbani?

Kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya Vitz na IST, vali inayopeleka oili kwenye VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali za injini kufunguka) imeshikwa na bolti moja tu, spana namba 10. Chomoa waya wake, fungua, vuta taratibu. Mara nyingi utakuta kumbe tatizo ni uchafu tu wa oili iliyochelewa kubadilishwa. Safisha, jaribu tena kabla hujanunua mpya.

Gia ya VVT-i, ile iliyo kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali za injini), ni habari nyingine. Hiyo hukwaruza kidogo ukiwasha asubuhi, kisha inanyamaza. Kuitoa ni kufungua kava la juu, kulegeza tenshena (kikaza cheni ya taimingi) na kuzuia cheni isiruke jino. Taimingi, yaani mpangilio wa vali na pistoni, ikipotea, pistoni inaweza kugonga vali za injini. Mimi hapo namwita fundi.