Holy Land ya Angra: nimeisikiliza nikivuka Likoni

Power metal, aina ya roki nzito, mimi naijua kwa mbio: drams zinazokimbizana, magitaa mawili yakishindana, mwimbaji anapaa hadi masikio yanawasha. Kwa matarajio hayo ndiyo nilifungua albamu hii ya 1996 ya Angra, vijana wa São Paulo. Inaanza na kwaya ya Palestrina, mtunzi wa muziki wa kanisa wa karne ya 16, halafu Nothing to Say ikanipa nilichokitaka. Baada ya hapo wakapunguza mwendo. Niliudhika, nikaiweka kando wiki mbili.

Kilichonirudisha ni Carolina IV, wimbo wa dakika kumi na ushei, sawasawa na kuvuka feri siku isiyo na msongamano. Unafunguliwa na ngoma na Kireno, na mtu wa Pwani mabega yake hayatulii hapo. Kisha Kiko Loureiro na Rafael Bittencourt wanaingia na magitaa, kasi inapanda, na katikati ghafla panatulia kama bahari wakati wa maleleji. Niliurudia mara tatu kabla sijafika nyumbani. (Msinunue hedifoni za kutembezwa kwenye foleni. Zangu zilimeza besi yote ya Luis Mariutti.)

Sasa, maudhui. Albamu inahusu Wareno kufika Brazil mwaka 1500. Mimi Ngome ya Yesu naiona tangu utotoni, na msafara huohuo wa nahodha wao Cabral, ulipotoka Brazil, ulikuja mpaka Kilwa na Malindi mwaka uleule. Miaka mitano baadaye Wareno wenzao wakaichoma Mombasa. Kwa hiyo mabaharia wanapoimbwa kwa huruma, nasikitika nao, halafu nakumbuka walikokuwa wakielekea.

Sauti ya Andre Matos, aliyefariki 2019, ndiyo inayoibeba albamu. Hapigi kelele tu. Katika Make Believe anaimba kama mtu anayekuomba radhi mlangoni. Piano pia ni yake. Z.I.T.O. ni ya wapenda mbio. Deep Blue kwangu inavuta mno, nairuka mara nyingi. Mwisho wanafunga na Lullaby for Lucifer, wimbo mfupi wa gitaa na sauti, mpole kuliko jina lake.

Nyota nne. Ya tano nimeibania kwa ajili ya 1505.